Mhojiwa wa Tatu

Makala yangu ya kwanza ya kitaaluma kwa Kiingereza niliianza kwa salamu. Mwenyewe nilidhani naeleza utafiti. Nilisimulia nilivyoshuka kwenye treni Urambo asubuhi, moshi ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya tumbaku, nilivyotembea hadi kwa mjomba wangu mrina asali, nilivyomwamkia, nikapewa kigoda na maji ya kunywa, tukaulizana habari za mvua, za wagonjwa na za ng'ombe wa jirani. Kurasa tatu nzima. Jambo lililonipeleka lilitokea ukurasa wa nne.

Msimamizi wangu wa masomo, mama mpole mwenye kalamu nyekundu isiyo na upole wowote, alizikata kurasa zote tatu kwa mistari ya kukingama. Pembeni akaandika: "Umekuja kufanya nini? Sema hapa juu."

Nilikasirika, tena sana. Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, mtaa wa mji wetu wa huku bara, binti wa fundi wa kanzu. Dukani kwa baba mteja alikaa kwanza, akaletewa kahawa, akaulizwa habari za nyumbani kwake, na kitambaa kilitoka mfukoni mwisho kabisa. Aliyetaja shida yake mlangoni tulijua ana msiba, au hakulelewa. Sasa naambiwa nitaje shida yangu mlangoni, mbele ya watu nisiowajua, kwa lugha ya watu.

Utafiti wenyewe ulihusu nyuki. Nilitaka kujua kwa nini mizinga iliyo karibu na mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku, hukaa mitupu. Mjini kila niliyemuuliza alinijibu moshi. Mjomba alinichukua msituni, tukatembea hadi kwenye mti uliobeba mzinga wa gome, akagonga shina kwa kifundo cha kidole.

"Hodi," akasema, akangoja.

"Mjomba, unawapigia hodi nyuki?"

"Nao wana nyumba, mama."

Akapanda, akatega sikio kwenye mzinga, akakaa hivyo muda mrefu hata nikasahau tulichofuata. Jua lilipita kwenye majani likanidondokea miguuni. Aliposhuka alisema taratibu, kana kwamba anaongea na mti: "Hawakimbii moshi hawa. Miti wanayokula maua yake ndiyo tunayoikata kuni za mabani. Ule moshi ni chakula chao kinaungua."

Nikaandika upesi. Aliitazama kalamu yangu ikikimbia, kisha akaniwekea sharti moja. "Maneno nimekupa. Yakishakuwa Kiingereza uniletee, unisomee. Nataka nijisikie mle ndani." Nikaahidi bila kufikiri.

Msimu mzima wa mvua nilijifunza kuandika upya. Nilikuwa nimepanga chumba Mtendeni, mtaa mwingine wa mji huohuo, na kila alasiri nilikaa dirishani na rasimu yangu. Mvua ikishakatika barabara ilitoa mvuke, watu wakapita ndani yake nusunusu, vichwa na mizigo bila miguu. Niliwatazama mpaka wakanichanganyikia na wale wa zamani, wa misafara, waliotembea miezi na mizigo mabegani hadi wakafika mji huu. Hapa walitua, wakapikiwa, wakakaa, wengine wasiondoke tena. Niliwawazia wakifika getini kwa mtu na kutakiwa waseme palepale, kwa aya moja, wamebeba nini na kina faida gani. Nikacheka peke yangu, nikarudi kwenye ikisiri yangu. Ndivyo inavyoitwa hiyo aya ya mwanzo, inayosema kila kitu kabla msomaji hajakaa.

Polepole nikaiweza. Treni ikaondoka kwenye makala, kigoda kikaondoka, maji na ng'ombe wa jirani wakafuata. Mwisho likaondoka jina la mjomba, maana kanuni inawalinda waliohojiwa, na sikuwa na ubishi nayo. Akawa Mhojiwa wa Tatu. Jarida lilipoikubali makala msimamizi alinikumbatia, nami nilifurahi kweli, ila furaha ilikuwa na mwiba ndani yake. Ahadi yangu nilikuwa naikumbuka.

Nikaenda Urambo. Mjomba alikuwa amevaa kanzu safi aliyoshonewa na baba, amekaa barazani ananisubiri. Nikamsomea, sentensi moja ya Kiingereza, kisha ya Kiswahili. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwa Mhojiwa wa Tatu na maneno ya miti na kuni, akainua mkono.

"Huyo anawajua nyuki," akasema. "Wa wapi?"

"Ni wewe, mjomba."

Akafumbua macho, akaitazama ile karatasi upande wa mbele, akaigeuza akatazama na nyuma.

"Mbona umeniingiza bila hodi?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikaanza kueleza kanuni, nikajisikia nazungumza kama ikisiri, nikaacha. Kisha nikakumbuka rasimu ya kwanza. Sikuwahi kuitupa, ilikuwa chini ya mkoba, imekunjamana, mistari myekundu ikikatiza kila ukurasa. Nikaitoa, nikaanza upya kwa Kiswahili, kuanzia treni.

Akafumba macho tena. Nikashuka stesheni, nikapita kwenye mashamba na moshi wake, nikaiona nyumba kwa mbali, nikapiga hodi. Alitikisa kichwa taratibu kukubali kila nilipopiga hatua. Nikasoma: "Nikamkuta mjomba amekaa nje. Nikamwambia, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia mjomba, akasogea kunipa nafasi barazani.