Mchezaji wa Bwawani

Wateja walimwita msusi wao Polepole, kwa sababu vidole vyake havikujua haraka. Ukikaa kwenye kiti chake asubuhi, walitaniana, utanyanyuka una wajukuu. Lakini walirudi, maana mkono wake ulikuwa mwepesi, na ukishasukwa naye unalala bila kichwa kukuwanga. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili vinavyotazamana. Aliyeketi katikati alijiona akijirudia na kujirudia mpaka akawa kivuli kidogo huko ndani kabisa. Juu ya mlango, televisheni ilishinda ikicheza video za muziki.

Binti yake wa miaka kumi na sita alikuwa akipitia hapo akitoka shule, kufagia nywele na kukunja taulo. Zamani alifagia huku akiimba. Mwaka ule aliingia kimya. Alikuwa akisimama kati ya vile vioo, anavuta tumbo ndani, anageuka upande, kisha analiachia na kushusha pumzi. Jioni sahani yake aliichokonoachokonoa tu.

"Nimeshiba, Mama."

Mama mtu alijua hajashiba. Hakujua aanzie wapi.

Alasiri moja mvua ilikataa kukatika, na hakuna mteja aliyetia mguu. Mwanga wa kijivu ulitanda chumbani kama mvuke, vioo navyo vikawa kama maji yaliyosimama. Hapo kwenye televisheni ukaanza wimbo wa zamani, ambao vijana walikuwa wameuibua upya kwenye simu zao. Mwanamke mmoja alicheza ndani ya bwawa, maji yakimfika magotini. Kamera ilishuka kiunoni, ikatambaa mapajani, ikapanda taratibu mpaka shingoni, ikaishia hapo.

"Mtazame huyu," binti alisema. "Darasani tunamwita Kiuno. Mtu akifungua mkate, tunamuuliza kama Kiuno angeula. Mimi hata nikifa njaa sifiki pale, Mama. Nikijiangalia naona kama niliumbwa kwa mabaki."

Polepole aliweka kitana chini.

"Huyo ni mimi."

Binti alicheka kidogo. "Mama, acha utani."

"Keti, mwanangu."

Akamsimulia, macho yakiwa kwenye mvua. Alikuwa msichana wa miaka ishirini, mchezaji, mwenye ndoto zisizobebeka. Mwongozaji wa video alimzunguka kama mtu anayechagua meza dukani, kisha akamwambia mpiga picha, "Uso uache." Yeye hakusikia, aliambiwa baadaye. Basi alicheza kutwa kwenye maji ya baridi huku akitabasamu, kumbe tabasamu lenyewe halina pa kwenda. Video ilipotoka, aliwaita mama yake na mashangazi waje waitazame. Hakuna aliyemtambua. Hata yeye alijitafuta asijione, maana kompyuta ilikuwa imemchonga kiuno na kulifuta kovu la uji wa moto lililokuwa pajani.

"Nikaanza kuvaa magauni mapana," alisema. "Nikaacha kucheza. Nilimwonea wivu yule mwanamke, na yule mwanamke ni mimi."

Binti alimkagua mama yake kuanzia nywele hadi kandambili. "Basi cheza."

Polepole alitia komeo mlangoni, akavua kandambili. Magoti yalilalamika mwanzoni. Kisha mwili ukakumbuka wenyewe: bega la kushoto likachelewa kidogo nyuma ya ngoma, kama linalosita, ndipo likaanguka. Binti aliliona, akageukia televisheni, ambako wimbo ulikuwa haujaisha, akaliona tena, lilelile. Ndani ya vioo walijaa wanawake wanene kiasi, wenye makunyanzi kando ya macho, safu kwa safu mpaka mbali, wote wakicheza na wote wana nyuso.

"Kumbe ulikuwa unatabasamu hivyo," binti alisema, akalia. Polepole alimkumbatia palepale katikati ya chumba, jasho na machozi vikachanganyika.

Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Ziko jioni ambazo binti bado alisema ameshiba, na mama hakumfokea. Alivuta kiti, akala polepole kando yake, wakapiga soga hadi sahani zote mbili zikapungua. Binti aliposimulia shuleni kwamba Kiuno ni mama yake, nusu ya wasichana walimwita mwongo. Nusu nyingine walimfuata saluni Jumamosi, wakasimama mlangoni wakisukumana.

"Shikamoo, Mama. Tunaomba utufundishe lile bega."

Alikataa, akajifanya ana kazi, kisha akakubali. Wakasogeza viti ukutani. Aliyelipata kwanza alikuwa msichana mmoja mnene, mwenye haya, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya wenzake. Bega lake lilianguka pale palipotakiwa, na wenzake wakaacha kujitazama wakamtazama yeye.

"Wewe," Polepole alimwambia, "njoo huku mbele."