Baraza Langu la Mlandege

Nawaambia mwenyewe kabla majirani hawajaniwahi. Niliporudi kutoka Ruaha Mbuyuni kufuata vitunguu, nilikuta saruji mpya mbele ya duka langu hapa Mlandege. Nikajua mwenye nyumba kanijengea baraza. Nikampigia kumshukuru, naye akazipokea shukrani. Nikapanga magunia juu yake.

Jana kwenye mkutano wa mtaa nikamsimamia kwa hasira mhandisi wa barabara.

“Mhandisi, bodaboda wanatukosakosa barabarani. Hela za njia ya waenda kwa miguu mmezila?”

Mhandisi akatuongoza wote mpaka dukani kwangu.

“Hii saruji ni nini, mama?”

“Baraza langu.”

“Linaishia wapi?”

Nikaifuata saruji kwa macho. Ilipita maduka yote hadi sokoni.

Bibi mmoja akaja akitembea juu yake, akafika kwenye magunia yangu, akanisalimia, “Kamwene,” akateremkia barabarani.