Kitabu cha Mama Watoto

Mtaa mzima ulimwita Bwana Nguzo, kwa kuwa miaka yake yote ya kazi aliimalizia juu ya nguzo za umeme, mkanda kiunoni, koleo mfukoni, akiwatania wapita njia waliosimama chini kumkodolea macho. Alipofiwa na mkewe aliachiwa watoto wawili wa shule, binti na mdogo wake wa kiume, akawa anapika mwenyewe na kuunguza sufuria. Kisha siku moja aliingia kwenye duka la stationeri kuchapisha barua, akamkuta mwanamke anayechapa huku anatazama dirishani, vidole vikikimbia peke yake.

"Mama, ukichapa chapchap hivyo barua yangu itaisha kabla sijamaliza kuifikiria," alimwambia.

Mwanamke akacheka. Tangu hapo Bwana Nguzo akawa mtu wa barua nyingi ajabu, za kulalamikia maji, za kumpongeza meneja wake, hadi za kuulizia mambo aliyokwishajibiwa. Mwisho wa barua zote wakaoana. Watoto walimwita Mama Mdogo, kwa heshima na kwa umbali kidogo. Mume alimwita Chapchap, mbele ya watu na faraghani.

Waliishi vizuri. Watoto wakakua, wakaoa na kuolewa, wakahamia miji mingine. Ndipo Bwana Nguzo akaanza kusahau. Mwanzo zilikuwa funguo na miwani, mambo ya kila mtu. Kisha akapotea akitoka kwa kinyozi, umbali wa kona mbili tu. Halafu siku moja majirani wakamkuta chini ya nguzo ya umeme, amevaa kandambili, ameikumbatia anajaribu kuipanda, anafoka kwamba wenzake wamemwibia mkanda.

Baada ya siku hiyo geti likatiwa kufuli. Ufunguo Mama Mdogo aliuvaa shingoni kwa uzi, maana popote alipouficha mzee aliuona. Jina la mjukuu lilikuwa limemtoka, lakini kutafuta ufunguo alikuwa bingwa. Kazi ya stationeri akaiacha. Dunia yake ikawa sebule, jiko, chumba, bafu, na kiuani penye kamba ya nguo. Mchicha alipitishiwa kati ya nondo za geti.

"Mama, ulifanya kosa gani wakakufunga?" muuza mboga alimtania.

"Nilichapa barua," alimjibu, wakacheka wote wawili. Aliporudi jikoni aliukatakata mchicha ule hadi ukawa majimaji, ndipo akajishtukia kwamba ana hasira, na hajui ni ya nani.

Siku chache baadaye binti alipiga simu.

"Shikamoo Mama Mdogo. Daktari niliyemuuliza anasema baba aoneshwe picha za zamani, zinamtuliza mtu. Sasa kuna tovuti moja, unapakia picha, unazipanga kwenye kurasa, unaandika maneno chini yake, wenyewe wanachapa kitabu cha jalada gumu na kukuletea mlangoni. Wewe ndiye mwenye mkono wa kompyuta. Mimi kazi zimenibana, na mdogo wangu si unamjua, hata picha yake ya kitambulisho alipiga amefumba macho."

"Haya, mwanangu. Nitajitahidi."

"Ila nisikilize, usinielewe vibaya." Sauti ya binti ikapungua kidogo. "Kiishie pale mama alipokuwa bado mzima. Zile za zamani ndizo zinazokaa kichwani. Hizi za juzijuzi zitamchanganya."

Hizi za juzijuzi zilikuwa ndoa yake yote. Mama Mdogo akasema sawa.

Picha zilikuwa kwenye boksi la pasi, juu ya kabati la nguo. Kila mzee aliposinzia kochini, aliketi karibu na dirisha penye mwanga mzuri, akaziweka moja moja juu ya kitambaa cheupe na kuzipiga upya kwa simu. Kwa miaka yote alikuwa akilifuta vumbi boksi lile bila kulifungua. Sasa alimwona mke mwenzake aliyemtangulia kutoka pande zote: mwembamba, meno ya mbele yameachana kidogo, mkono daima umeshika kitu, mtoto, ndoo, kiti, mkono wa mume. Alimwona mjamzito. Alimwona amekasirika, ameipa kamera mgongo, na Bwana Nguzo kijana nyuma yake anacheka hadi macho yamefumba. Kicheko hicho Mama Mdogo alikijua. Alikuwa akidhani ni chake yeye peke yake.

Tovuti yenyewe ilikuwa na Kiswahili kikavu, kama cha mtu aliyejifunza lugha kwa kusoma maelezo ya friji. "Picha yako haitoshi uzuri," ilimwambia kila alipopakia iliyofifia. Alizipanga hata hivyo. Grupu la familia nalo likaamka. Binti alitaka jalada la bluu, mdogo wake kahawia, shangazi akataka picha ambayo hakuonekana mnene. Mama Mdogo alibadilisha, akarudisha, akabadilisha tena. Hakuna aliyemuuliza anaonaje yeye. Chini ya picha aliandika kwa uangalifu: mama watoto siku ya kuhamia nyumbani, mama watoto na binti, homa imepoa. "Mama watoto" ndivyo Bwana Nguzo alivyomwita marehemu, na Mama Mdogo aliona si haki kumwita vingine katika kitabu chake.

Kabla ya kuagiza, tovuti ilimuuliza mtengenezaji ni nani kwa familia hii, achague: mke, mume, mzazi, mtoto, mjukuu. Kidole kilisimama hewani. Mke alikwishakuwamo kitabuni, kila ukurasa. Chini kabisa palikuwa na neno "mwingine". Akabonyeza hapo, akaagiza.

Kitabu kililetwa na mtu wa pikipiki, kikapitishwa getini kama mchicha. Kilikuwa kizuri kweli, kizito, kinanukia wino. Bwana Nguzo alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua mapajani, na uso wake ukafunguka nacho. Alitaja watu. Alitaja mbwa! Mama Mdogo alipiga video akaituma kwenye grupu, na binti akajibu kwa sauti iliyojaa machozi, "Mungu akubariki, Mama Mdogo. Umeturudishia baba."

Ni kweli baba alirudi, ila alirudi mbali kuliko walivyokusudia. Akawa hakiachi kitabu. Alikula nacho, akaenda nacho chooni. Na siku zilivyopita akaanza kumtazama mkewe kwa adabu ya ajabu, kama mtu anayetazama mgeni aliyechelewa kuondoka.

"Samahani, dada," alimwambia asubuhi moja, "mama watoto anarudi lini?"

Mama Mdogo alikuwa ameshika bakuli la uji. "Nani?"

"Mke wangu." Akamwonesha kitabuni, kwa fahari. "Huyu."

"Anarudi kesho," alisema, maana hakupata neno jingine.

Kesho ile haikuisha. Jina la Chapchap likapotea, likachukuliwa na "dada". Mzee akakataa kuogeshwa. "Hapana, dada, mimi mume wa mtu." Jioni ilipoingia akamzuia mlangoni mwa chumba chao, kwa upole kabisa, mkono juu ya fremu. "Wewe lala sebuleni. Si kwamba nakufukuza. Lakini akirudi akukute humu, mimi nitamweleza nini?" Mama Mdogo alichukua mto wake, akaenda kwenye kochi. Ndani ya nyumba ambayo hakuweza kutoka, sasa kulikuwa na chumba ambacho hakuweza kuingia.

Alijikaza kisabuni. Kisha uvumilivu ukamwisha, akakificha kitabu jikoni, nyuma ya ndoo ya unga. Alidhani mzee atasahau. Si ndiyo kazi yake siku hizi, kusahau? Bwana Nguzo alipekua nyumba nzima. Alivua foronya za mito, akachungulia ndani ya viatu. Alipokikosa alikwenda getini, akalitikisa hadi kufuli likawa linagonga kama kengele ya shule, huku analia, "Wamemchukua! Wamemchukua na watoto!" Majirani wakatoka. Mama Mdogo alikimbia jikoni, akaleta kitabu kimejaa unga. Mzee akakipangusa kwa shati lake, ukurasa kwa ukurasa. Hakumuuliza kilikuwa wapi. Pengine kama angeuliza, Mama Mdogo asingeumia sana.

Ndipo akakata shauri kutengeneza kingine. Hakumwambia mtu. Aliingia kwenye tovuti ileile akafungua kitabu kipya, cha miaka yake yeye. Akakuta picha ni chache kama meno ya kwanza ya mtoto. Harusi yao ilikuwa ya kusaini na kurudi kazini. Nyingi zilizopigwa kwa simu zilikufa pamoja na simu zenyewe. Na katika zilizobaki, watoto wametazama pembeni. Lakini alizipata kadhaa. Bwana Nguzo amelala na gazeti usoni. Wawili wao mbele ya duka la stationeri, mume ameinua karatasi kama kikombe cha ushindi. Mkono wake mwenyewe, bila uso, unamkata mzee kucha. Chini ya picha ile ya duka aliandika sentensi, akaifuta, akaandika tena, akaifuta, mwisho akaiacha tupu. Tovuti ikalalamika kwamba kurasa hazijatosha kwa kitabu. Akarudia picha mbili, akatosheleza.

Kilipofika aliketi karibu na mume wake kochini, akakiweka juu ya kile cha kwanza. Bwana Nguzo alikifungua kwa heshima. Alifunua polepole, hakuruka ukurasa hata mmoja. Kwenye ile picha ya duka alikaa muda mrefu, akagusa karatasi iliyoinuliwa juu.

"Hawa wanapendana," alisema.

"Ndiyo."

"Ni ndugu zako?"

Mama Mdogo akatikisa kichwa tu, na yeye mwenyewe hakujua amekubali au amekataa. Mzee alikifunga kile kitabu, akamrudishia kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mtu picha za harusi ya binamu yake, akarudi kwenye chake.

Binti alikuja mwishoni mwa mwezi, na mifuko ya matunda na furaha yote ya ile video. Baba alimpokea kwa shangwe, akamwita kwa jina la shangazi yake. Alimketisha, akamwonesha kitabu tangu mwanzo, kisha akainama, akamnong'oneza kwa sauti ambayo ingesikika barabarani: "Na huyu dada anayetusaidia, ana heshima sana. Mama watoto akirudi, msimfukuze. Sidhani ana kwao."

Binti aliinua macho. Mama Mdogo alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

Jikoni binti alilia, amejishika na sinki. "Mimi nilidhani nasaidia. Nilimtaka mama yangu tu, Mama Mdogo. Nilitaka pawe na mahali ambapo bado yupo. Sikukufikiria wewe kabisa." Akajifuta. "Nimeona mto na shuka pale kochini. Tangu lini?"

"Tangu kitabu."

"Basi nakichukua. Naondoka nacho leo."

"Usikichukue," alisema Mama Mdogo upesi. "Nilishakificha, nikaona. Ukikitoa humu hatanirudia mimi. Atabaki peke yake."

"Kwa hiyo nenda kapumzike. Nenda kwa dada yako, wiki mbili, tatu. Nimeomba likizo, nitakaa naye. Nipe ufunguo."

Mama Mdogo aliushika ufunguo pale kifuani. Aliiona barabara, aliona kiti cha dirishani kwenye basi, aliona nyumba ya dada yake na kitanda kisicho na mtu wa kumfukuza. Alivitaka vyote. Alifika hata kuuvua ule uzi, ukamkwama kwenye nywele.

"Leo ananijua kama dada anayemsaidia," alisema taratibu. "Ndiyo nafasi niliyonayo. Nikiondoka wiki tatu, mwanangu, nikirudi atanijua kama nani? Nitabisha hodi, niseme mimi ni nani?"

Wakakubaliana jambo dogo walilolimudu: binti awe anakuja kila mwezi akae siku kadhaa, na Mama Mdogo atoke asubuhi arudi mchana, asizidishe. Siku ya kwanza alifika hadi stationeri. Msichana mpya alikuwa akichapa kwa vidole viwili. Alimtazama kupitia kioo, akanunua bahasha ambayo hakuihitaji, akarudi mbiombio kabla mzee hajaamka.

Binti aliporudi kwake, nyumba ikawa kimya tena. Mchana ule Bwana Nguzo alimwita aketi, si kwenye kochi bali kiti cha upande wa pili, kwa adabu. Akamhadithia jinsi alivyompata mama watoto: alivyokata umeme wa nyumba ya wazazi wake kwa makusudi ili aitwe kuutengeneza. Kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsimulia Mama Mdogo hadithi ile. Pengine aliona ingemuumiza. Mama Mdogo alicheka bila kutaka. Ilikuwa hadithi nzuri, na aliisimulia vizuri.

Kisha mzee akamtazama, kama aliyeshtuka kwamba amezungumza peke yake muda mrefu.

"Na wewe, dada? Umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Mume ni mtu mzuri?"

"Mzuri. Msumbufu kidogo."

"Sote wasumbufu," alisema Bwana Nguzo. "Mwambie siku moja aje, tumsalimie."

"Nitamwambia," alisema, akainuka kwenda kuanua nguo, maana mvua ilikuwa inakuja.