Niliandika "Hana Biashara" Huku Nakula Chapati Zake

Jumamosi, tarehe sita Aprili. Mvua tangu alfajiri, Jangwani hapapitiki.

Kosa ni langu, ndugu msomaji. Naanza hapo nisije nikajitetea mbele ya safari.

Mwaka juzi, soko huria likiwa limepamba moto, mama mmoja mchumi alikuja Kariakoo kupima hali za wafanyabiashara wadogo. Alitaka vibanda vipya vikigawiwa, watu wa chini wasisahauliwe. Mama mzuri, sina neno naye. Mimi, darasa la saba wa Magomeni, akanichukua niwe karani kwa sababu nawajua watu wa pale. Nilivimba kichwa!

Swali la kwanza kwenye fomu: una biashara? Mtu akisema ndiyo, unajaza kurasa nne. Akisema hapana, unaishia hapo hapo, unaenda kwa mwingine.

Nikafika kwa Mama Zuhura, mtu wa Mtwara, anapika chapati uchochoroni nyuma ya maduka ya vitenge. Tumepanga naye nyumba moja. Mke wangu anamwita shangazi.

"Shikamoo, mama. Una biashara?"

"Marahaba. Biashara wanayo wenye maduka yao, Baba Neema. Mimi nahangaika tu. Kula kwanza, usije ukazimia na kalamu mkononi!"

Wapishi wenzake pale uchochoroni wakaangua kicheko.

Nisikilize sasa. Nilijua! Hakuna mama ntilie atakayemwambia mtu mwenye karatasi kwamba ana biashara. Anaogopa kesho atafuatwa na kodi. Mchumi hakulijua hilo. Mimi ndiye niliyewekwa nilijue. Lakini wingu lilikuwa limetanda, na kurasa nne ni nyingi. Chapati mdomoni, nikaandika: hana biashara. Wenzake wote nao, vivyo hivyo.

Jioni mchumi akazipitia fomu, akaniangalia juu ya miwani.

"Uchochoro mzima hakuna mwanamke anayefanya biashara? Una hakika?"

Si ningesema pale pale!

"Nina hakika, mama. Wamesema wenyewe."

Na kweli walisema. Ndiyo maana uongo ule ulitoka laini.

Siku ya kugawa vibanda, Mama Zuhura alisimama tangu asubuhi akisubiri jina lake. Halikusomwa, maana orodha ilitoka kwenye fomu zile. Pale alipokuwa anapikia akapewa muuza mabegi. Tangu hapo anatembeza chapati na beseni kichwani, na goti lake lile bovu.

"Labda walikosea huko juu," aliniambia. Nikaitikia! Miaka miwili naitikia tu.

Leo nimemwambia. Alikuwa anakanda unga ukumbini. Hakupiga kelele.

"Siku ile majina yanasomwa, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukaniacha nisimame?"

Akaendelea kukanda. Bora angenitukana!

Jumatatu nakwenda ofisini kwa yule mchumi kusema yote. Sijui kama itasaidia. Kibanda kina mwenyewe sasa, naye hana kosa.

Wewe unayetumwa kuandika maisha ya watu, ukijua jibu si hilo, usilipokee! Uliza tena. "Unauza nini, mama? Tangu lini?" Hayo mawili tu yangemtosha Mama Zuhura.

Jioni hii wamekula ugali na mchicha ukumbini, yeye, mke wangu na watoto. Changu kimeletwa chumbani, kimefunikwa sahani.