Ukianguka, Anguka na Mpira

Vijana wa Temeke wanalisema neno hilo kama wamezaliwa nalo. Mie niliambiwa usoni, zama za Mwingereza, nikiwa chini, mdomo umejaa mchanga, mpira uko nyuma yangu golini.

Nilikuwa golikipa wa timu ya makuli. Aliyeniambia ni mwalimu wetu, Mzaramo mfupi aliyebeba magunia bandarini asubuhi na kutufundisha mpira jioni. Alinijia mbele ya umati, akainama, akasema polepole, "Ukianguka, anguka na mpira." Watu wakaangua kicheko. Nikaona kanivua nguo hadharani. Nikavua jezi, nikamtupia kifuani, nikaenda zangu. Mwaka haukuisha, homa ikamchukua. Kwa ukaidi wangu wa kipumbavu, sikwenda hata kumzika.

Hapo ndipo neno lile lilipoanza kunitafuna. Alinidhihaki au alinihurumia? Nikajiambia, nikijua alikolitoa nitajua alichokusudia. Nikaanza kuulizia mtaa kwa mtaa, kama mtu aliyepotelewa na mbuzi.

Mhindi mwenye duka, aliyetupatia vitambaa vya jezi, akaapa kwamba neno ni la Mzungu mmoja wa gatini. "Nilikuwepo anasema," akaniambia. Karani mmoja aliyesoma misheni akasema limo kitabuni. Nilipomwomba hicho kitabu, akasema kakiazimisha. Siku hizo kila neno zuri lilitafutiwa baba Mzungu. Nami niliwaamini wote wawili kwa zamu, maana mfa maji haachi kutapatapa. Chakula kikawa hakipiti. Kazini magunia yananiponyoka. Mke wangu akauliza kama nimerogwa, nikamjibu kwamba ingekuwa heri.

Ni yeye aliyenizindua. "Umeuliza Mhindi, umeuliza karani," akasema. "Mtani wake je?"

Nilitamani kujizaba kofi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Msibani kwako mtani anakuja kukucheka, nawe huna ruhusa ya kununa. Na mtani wa mwalimu nilikuwa nampita kila siku. Ni mzee wa Kinyamwezi, fundi viatu, ndiye aliyekuwa akitushonea mpira ukichanika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Si wewe uliyemtupia mwenzio jezi?"

Nikaona aibu, lakini nikauliza. Neno lile mwalimu kalitoa wapi?

"Kwangu," akasema, sindano mkononi. "Siku anamzika mwanawe, wa pekee, hata kutambaa bado. Kambeba mwenyewe, na sanda yake. Kufika makaburini magoti yakamwisha, akaanguka puu. Lakini mtoto hakumwachia. Kamkumbatia vilevile, hata mchanga haukumgusa. Mie mtani, nikamcheka: 'Mzaramo kaanguka, lakini mzigo anao! Hujaanguka weye, simama!' Akacheka, machozi yanamtoka. Akasimama, akamzika."

"Na mpira je?" nikauliza.

"Tangu siku hiyo akizidiwa hujiambia mwenyewe, ukianguka, anguka na mzigo," mzee akaendelea. "Hakuwahi kumpa mtu neno hilo. Siku ile kakuona uko chini, umekata tamaa, akaligeuza kidogo akakupa wewe. Jioni alikuja hapa na jezi yako. Akaniambia, kijana hajanielewa, lakini atarudi."

Nililia mbele ya wateja wake, mtu mzima mimi, bila haya. Nilikuwa nimeangukia kwenye vumbi la kibanda kile na sikuwa na kitu mkononi. Nikamshika mzee mguu, nikamwomba anicheke. Anicheke kama alivyomcheka mwalimu, aniambie nisimame.

Akanitazama. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Wewe si mtani wangu," akasema. "Na msiba wa mwalimu wako hukuja."

Akavuta uzi, akaendelea kushona.