Glasi Ambayo Nangobi Hakuionja

Nangobi alikuwa mwoga, na sisemi hivyo kumdharau. Mimi mwenyewe nikiona mende napanda juu ya kiti. Ila woga wake ulikuwa na jina. Aliogopa Kiswahili. Mtu akiongea Kiswahili nyuma yake sokoni Mbale, hata kama ni muuza vitunguu anayepunga nzi, mabega ya Nangobi yalipanda mpaka masikioni. Mwaka 1973, kwao Budondo, nje kidogo ya Jinja, wanaume wenye bunduki walikuja mchana kweupe wakamchukua kaka yake Waiswa, na kila neno lililosemwa siku ile lilikuwa la Kiswahili. Waiswa hakuonekana tena.

Mimi naitwa Beldina, mzaliwa wa Busia upande wa Kenya, baba yangu Mjaluo. Nilikuwa nauza vitenge Mbale, na nyumba yangu ya mtaa wa Malukhu ilipakana na ya Nangobi. Tuliongea Kiganda, changu cha kuokota sokoni, chake chenye lafudhi ya Kisoga. Nilipenda kumtania.

"Dada, Kiswahili hakiumi," nilimwambia.

"Chako hakiumi," alinijibu. "Chako kinauza vitenge."

Kazi yake ilikuwa vinywaji vya matunda vya kugandisha. Alijifunzia Jinja, katika jiko la nyumba moja ya wageni karibu na mto, alikoajiriwa kumenya matunda. Halafu mumewe, Isabirye, fundi wa mafriji, akapata kazi Mbale. Akanunua friza iliyokufa, akaifufua, akampa mkewe. Friza ile ilinguruma kutwa nzima, na umeme ulipokatika hakuna aliyeruhusiwa hata kugusa kifuniko chake.

Wateja wake wakubwa walikuwa walokole. Mlokole hanywi pombe, na soda kila sherehe inachosha. Nangobi alichemsha sukari na tangawizi, akachanganya na juisi ya pasheni iliyochujwa mbegu na nanasi lililoiva mpaka linanukia hadi kwangu. Aliigandisha nusu, akaitoa, akaivuruga kwa uma, akairudisha, mara nne au tano, ili isiwe jiwe. Mwisho aliitia kwenye glasi juu ya embe iliyopondwa, akaikamulia ndimu. Jua la Januari likiwa kali, watu walikunywa wakafumba macho.

Kabla ya mgeni yeyote kunywa, Nangobi alichota kijiko cha glasi ya kwanza akakila mbele ya wote. Ndivyo ilivyo kwao na kwa Wagisu, wenyeji wa Mbale, pia: anayemimina huonja, ili watu wajue hakuna sumu. Huku kwetu mashariki sumu ni habari inayozungumzwa kila matanga. Ukisahau kuonja, hata kama umeleta maji matupu, watu watakuangalia vibaya.

Januari ya 1999 askari mmoja aitwaye Jude alisimama mlangoni kwa Nangobi na magwanda yake.

"Wewe mama ya barafu? Afande anataka wewe. Siku ya Jumamosi, glasi mia moja."

Nangobi alishika fremu ya mlango. Nilikimbia nikamalizia mazungumzo mimi. Kumbe Afande Obura, mtu wa Lira, alikuwa ameokoka, na sasa mama yake mzazi amekuja kumtembelea baada ya miaka mingi. Alitaka kufanya sherehe ya kushukuru katika kota yake kambini, bila tone la pombe.

Jude alipoondoka Nangobi aliniambia haendi. Hata akifungwa, haendi. Kisha akafikiri kidogo kuhusu hilo neno "akifungwa," akaanza kulia.

"Nitakwenda na wewe," nikamwambia. "Nitakuwa mdomo wako. Hutasema hata neno moja."

Naona aibu nikikumbuka jinsi nilivyojivuna. Lugha nne kichwani, nikadhani nimekuwa balozi.

Siku tatu zile Nangobi hakulala vizuri. Aliosha kila nanasi mara mbili. Alionja sharubati jikoni mpaka Isabirye akamuuliza kama ana mimba. Ijumaa jioni nikamkuta ameketi juu ya kifuniko cha friza.

"Nawaza mtu akija kuweka kitu humu," akasema.

"Nani aje?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekalia."

Jumamosi tulifunga barafu kwenye magunia yenye maganda ya mpunga kutoka vinu vya Namatala, yanayozuia joto vizuri kuliko blanketi. Gari la jeshi lilikuja kutuchukua. Njia nzima Nangobi alinishika mkono. Tulipopita geti la kambi aliniuliza kwa sauti ndogo kama geti lile hufunguliwa pia kutoka ndani. Nilicheka, lakini niligeuka nikaliangalia.

Uani kwa Afande palikuwa na turubai na viti vilivyojaa maofisa, wake zao, na wachungaji wawili. Mama yake Afande alikaa katikati, bibi mwembamba aliyevaa gauni jipya la gomesi, mguu mmoja ukichezacheza kwa furaha. Hakuwa amewahi kuona friji, sembuse barafu. Mwanawe alikaa pembeni yake, mtu mkubwa mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba kaka yake Afande alifariki kwenye sherehe kama hiyo, glasi ikiwa bado mkononi. Siku ile sikujua. Niliona tu kwamba anaangalia kila sinia linalopita.

Nangobi alijaza glasi ya kwanza. Barafu ilikuwa imetoka guniani muda huo huo, ngumu, inafuka moshi mweupe kwenye joto. Akachukua kijiko chake cha kuonjea.

"Haraka!" Jude akampigia kelele mgongoni. "Peleka kwa mama ya Afande, haraka!"

Kijiko kikamdondoka. Nilimwona akiinama nusu, akiinuka, kisha miguu ikambeba yenyewe. Alimpelekea bibi glasi kwa mikono miwili, akapiga magoti, akairudia meza yake. Hakuwa ameonja.

Bibi aliuona ule moshi. Akaipuliza glasi taratibu, kama uji. Watu wakacheka. Kisha akachota donge zima la barafu, akalibandika ulimini, na likang'ang'ania pale pale.

"Mach!" akalia, mkono mdomoni. "Mach!"

Kilango, lugha ya watu wa Lira, na Kijaluo ni ndugu. Neno lile nalijua tangu utotoni, na mdomo wangu, ule niliojitolea kuuazima, haukunisubiri nifikiri.

"Moto!" nikapaza sauti. "Anasema moto! Imemchoma!"

Nangobi aliponigeukia nilijua nimefanya nini.

Mwanamke mmoja, mke wa ofisa, akasema wazi, "Huyu hakuonja. Mimi naangalia, hakuonja." Jude alikwisha kumshika Nangobi mkono. Viti vikaanguka. Afande Obura alisimama, akachukua ile glasi kutoka mapajani kwa mama yake, akaja mpaka mezani.

"Iko nini ndani ya hii kitu?"

Nilifungua mdomo nieleze kwamba ni nanasi, ni baridi tu, bibi hajazoea. Hakikutoka kitu. Askari wa pili alikuwa amesimama mbele yangu, na bunduki yake ilikuwa karibu na tumbo langu kiasi kwamba niliweza kusoma namba zilizochongwa. Balozi wa lugha nne, bubu.

"Kunywa," Afande akamwambia Nangobi. "Yote. Mimi naangalia."

Hilo alilielewa. Alishika glasi kwa mikono miwili akaanza kumeza, barafu na juisi pamoja, bila kupumua, machozi yakichuruzika yakaingia humo humo. Aliimaliza. Kisha uso wake ukakunjamana. Akashika paji la uso kwa mikono yote miwili, akainama, akatoa mlio.

"Inamuua!" mtu akasema. Wachungaji wakaanza kuomba kwa sauti.

Unajua ile baridi inavyopanda kichwani ukimeza barafu kwa pupa? Ni hiyo tu. Mimi nilijua ni hiyo. Lakini nakuapia, kwa muda ule, nikimwona amejikunja vile, hata mimi niliamini. Nilifikiri kwamba kuna mtu kweli aliingia jikoni Malukhu. Nilifikiri nitamwambia nini Isabirye. Nilijiuliza pia, Mungu anisamehe, kama watanihesabu kuwa mwenzake.

Nangobi akainuka taratibu. Akapumua. Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. Tulimwangalia sote, watu karibu mia, tukingoja aanguke, naye akituangalia akingoja vilevile.

Sauti iliyofuata ilikuwa ya bibi. Alikuwa ameutoa ulimi akaupapasa kwa kidole, akaulamba tena mdomo, na sasa alikuwa anamgombeza mwanawe. Afande akageuka.

"Amesema nini?" Jude akaniuliza.

Safari hii nilisikiliza sentensi mpaka mwisho.

"Anauliza nani amechukua kitu chake kitamu," nikasema. "Anataka arudishiwe."

Mtu mmoja akacheka, wakafuata wengine, kicheko cha watu waliokuwa wanaogopa. Jude akaachia mkono wa Nangobi. Alama za vidole zilibaki. Bunduki ikaondoka tumboni kwangu, nami nikakaa juu ya gunia la maganda.

Afande hakucheka. Alivua kofia yake, akaishika kifuani mbele ya maofisa wake wote, akamsogelea Nangobi. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Mama," akasema polepole, "nisamehe."

Nangobi hakulijua neno lile. Miaka ishirini na sita alikuwa anakikimbia Kiswahili, na katika maneno yote yaliyowahi kumfikia, hilo halikuwamo. Alinitazama mimi. Nami nilikuwa bado natafuta pumzi. Basi akalitafsiri mwenyewe, kwa kadiri ya anachojua kuhusu askari anayekuja karibu na kusema kwa upole. Huko Budondo walimwambia Waiswa kwa upole avue viatu kwanza, kabla ya kupanda lori.

Akainama, akafungua kishikizo cha kiatu cha kulia, kisha cha kushoto. Akaviweka vizuri chini ya meza, akasimama peku kwenye jua, akisubiri kuonyeshwa lori liko wapi.