Masomo ya Kwenda Roma

Siku aliyonipiga mara ya kwanza, nilikuwa nimeiweka Vatikani upande usio wake wa mto. Tulikuwa tumekaa mezani, mimi na mwalimu mstaafu niliyeajiriwa kumtunza, ramani ya jiji la Roma imetandazwa mbele yetu. Aliniuliza Vatikani iko wapi, nikaweka kidole mashariki ya Mto Tiber. Rula ilinishukia kwenye vifundo vya vidole kabla sijakiondoa. Ilikuwa rula ya mbao, ya futi moja, yenye ukingo wa bati.

“Magharibi,” alisema. “Rudia.”

Nikarudia. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, nina cheti cha uhudumu wa wagonjwa ukutani, nikasema “magharibi” kwa sauti ya mtoto wa darasa la tano.

Nyumba yake ilikuwa Sterling, Virginia, huku Amerika, karibu sana na uwanja wa ndege, hata vikombe vilikuwa vikitetemeka kabatini ndege kubwa zikipita. Mwalimu alikuwa amefundisha Kilatini maisha yake yote ya kazi, na hakuwahi kufika Roma hata mara moja. Sasa ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemwanza. Alisahau kama amekula, alisahau mumewe alishakufa, lakini Roma alikuwa nayo yote kichwani, mtaa kwa mtaa. Binti yake, mtoto wake wa pekee, aliamua ampeleke majira ya machipuko akaione kabla nayo haijafutika. Daktari alishauri mama apewe kitu cha kuishughulisha akili, kwa hiyo binti akamkabidhi kazi ya kupanga ziara yenyewe: siku saba, kila siku twende wapi, tupite njia gani, tupumzike wapi. Akamletea ramani, penseli, na kitabu cha watalii chenye picha.

Mimi pia nilikuwa katika mpango. Nilikuwa niende kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu na kumwogesha hotelini. Pasipoti yangu ya Kenya ilishapelekwa kuombewa viza. Niseme ukweli, niliitamani safari ile kuliko nilivyoonyesha. Sikuwa nimewahi kwenda mahali popote kwa ajili ya kutazama tu. Safari zangu zote zilikuwa za kwenda shule, kwenda kuzika, au kwenda kutafuta kazi.

Kila siku baada ya chakula cha mchana tulikaa mezani. Roma ya mwalimu ilikuwa na damu kila kona. Siku ya kwanza alipanga tuanzie mahali ambapo mtawala mmoja wa kale alichomwa visu na watu aliokula nao. Siku ya pili, uwanja wa Koloseo, akanieleza jinsi maiti zilivyoburutwa nje kwa ndoana na mchanga mpya ukamwagwa ili wengine waingie kufa. Siku ya tatu, Barabara ya Apia, ambako watumwa walioasi walitundikwa misalabani, mmoja baada ya mwingine, mpaka macho yakachoka kuwatazama. Alisimulia huku macho yakimng’aa, akichoma ramani kwa penseli.

“Hapa! Na hapa! Na hapa!”

Mara moja ile penseli ilipita kwenye mkono wa sweta yangu ikaingia nyamani. Aliichomoa akaendelea kufundisha.

Halafu aliniuliza maswali. Nikijibu sawa, alitabasamu kama jua limetoka. Nikikosea, rula. Mwanzoni ilikuwa kofi dogo la mbao. Baada ya wiki chache alianza kutumia ukingo wa bati. Kutoka mezani, mapigo yakahamia bafuni. Nikimvua nguo aliniuma bega, nikimwagia maji alining’oa nywele kwa mafungu. Siku moja alinirushia chai ya moto kifuani kwa sababu niliita kilima kwa jina la kilima kingine. Nilijipaka mafuta, nikavaa blauzi ya shingo ndefu, na katika daftari la kazi nikaandika: Ametulia, amekula vizuri.

Hakuna aliyenifundisha kuficha. Nilifika Amerika nikiwa najua. Darasa la tano, kule Nyeri, tulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyetuchapa viganjani asubuhi kabla ya somo na mchana baada ya somo. Alimchapa msichana niliyekaa naye dawati moja mpaka akajikojolea, kisha akamchapa tena kwa kuchafua sakafu. Tukifika nyumbani hatukusema, maana kusema kulileta swali la nini ulichokosea. Sasa huku, miaka ile yote ikiwa imepita, nilikuwa nikilala nikikariri vilima saba vya Roma ili nisichapwe na ajuza wa kilo arobaini na tano.

Mwisho wa wiki nilirudi mtaani Columbia Heights, kwenye chumba nilichokaa pamoja na dada mmoja kutoka Tanga, naye mhudumu wa wagonjwa kama mimi. Jumamosi moja alinikuta nikibadilisha nguo.

“Jamani, dada! Nani kakufanya hivi?”

“Si kitu. Ni yule mama.”

Akanigeuza mgongo kwenye mwanga wa dirisha. “Si kitu? Hapa pametunga usaha. Umewaambia ofisini kwa wakala?”

“Nikiwaambia watanitoa.”

“Si ndiyo vizuri wakutoe?”

“Na Roma?”

“Wallahi, wewe naye unaumwa,” akasema. Akaenda kuchemsha maji ya chumvi, akanikanda. Nilikaa nikiuma taulo.

Ilikuwa Februari, theluji imeziba ngazi za mbele, mambo yalipofika mwisho. Binti alikuwa kazini. Mwalimu hakuwa amelala vizuri, alikuwa ameita jina la mumewe asubuhi nzima. Nilidhani ramani ingemtuliza. Nikaitandaza.

“Siku ya nne,” alisema.

Siku ya nne nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeikariri kwenye basi: asubuhi mapango ya makaburi, mchana hekalu la miungu yote, jioni chemchemi. Lakini kichwa changu kilikuwa kimechoka, nikaanza na chemchemi.

Alinipiga kwenye nyusi kwa ukingo wa bati. Damu ikaniingia jichoni. Nilisimama, naye akasimama, akanipiga tena sikioni, na tena, akisema, “Mpumbavu, mpumbavu, mpumbavu,” kwa mpigo, kama anayehesabu. Nilimshika kifundo cha mkono nikakisokota mpaka rula ikaanguka. Nikaiokota. Nikampiga.

Nilimpiga kwenye vifundo vya vidole vya mkono wa kulia, palepale aliponipiga mimi siku ya kwanza. Mfupa ulitoa sauti kama kijiti kikavu. Alinyamaza. Ningeweza kuacha hapo. Hakuna aliyekuwa akinipiga tena. Nikainua rula nikampiga mara ya pili, nikahisi raha. Siwezi kutafuta neno zuri zaidi. Raha ilinipanda kutoka miguuni hadi kooni.

Ndipo alipofanya jambo ambalo mpaka leo linanitoa jasho. Aliuondoa mkono ulioumia, akauweka kifuani, akaninyooshea ule mwingine. Kiganja juu, vidole vimebana, kidole gumba amekikunja nyuma kisiguswe. Anayekunja gumba namna ile ni mtoto aliyezoea kuchapwa. Hata sisi tulikikunja hivyo. Alikuwa amefumba macho, anangoja, na midomo yake ilikuwa ikisema, “Ndiyo, Sista. Ndiyo, Sista.”

Rula ilikuwa bado juu. Nikaishusha kwenye kiganja kile. Sikuishusha kwa nguvu, lakini niliishusha.

Baada ya hapo nilikaa sakafuni. Damu yangu ilikuwa inadondokea ramani. Yeye alikuwa amesimama palepale, mkono mbele, anangoja ruhusa ya kwenda kukaa. Niliposema, “Kaa, Mwalimu,” ndipo alipokaa.

Nilimpigia binti simu.

“Mama yako ameumia mkono,” nilisema.

“Ameanguka?”

Neno “ndiyo” lilikuwa mdomoni. Uongo aliniletea mwenyewe, nilihitaji kuupokea tu. “Hapana,” nikasema. “Nimempiga.”

Akauliza polepole, “Umefanya nini?”

“Nimempiga kwa rula. Njoo umpeleke hospitali.”

Alifika akiwa na koti la kazini, theluji magotini. Alimtazama mama, akanitazama mimi na uso wangu wa damu, akanivamia. Alinisukuma hadi ukutani, akanibana koo kwa kiwiko, picha ikaanguka ikavunjika. Sikujitetea. Mwalimu alikuwa anasema kutoka kitini, kwa upole kabisa, “Wasichana. Wasichana, acheni.” Binti aliniachia, akamfunika mama kwa blanketi, akamtoa hadi kwenye gari. Mimi nilichukua mkoba wangu nikatembea kando ya barabara mpaka kituo cha basi, nimeshikilia taulo la jikoni usoni, na watu waliokuwa ndani ya magari walinitazama tu.

Kulikuwa na uchunguzi. Mwanamke mmoja wa ofisi ya kaunti, mwenye sauti ya chini, aliniita kuhojiwa. Dada wa Tanga alinifunga plasta upya asubuhi ile akanipa maneno ya kusema.

“Sema ulijihami. Alikupiga, ukajihami, basi. Usiongeze kitu.”

“Ni kweli alinipiga.”

“Ndiyo maana nakwambia useme hivyo. Usijitie kitanzi.”

Yule mwanamke aliniuliza hasa lile. “Ulimpiga ili kujihami?”

Niliangalia mikono yangu. “Mara ya kwanza,” nilisema. “Mara ya pili nilimpiga kwa sababu nilitaka. Mara ya tatu kwa sababu alinyoosha mkono.”

Aliacha kuandika. Akaniuliza kama ninaelewa ninachosema. Nikamwambia naelewa. Sikushtakiwa mahakamani, labda kwa sababu ya majeraha yangu, labda kwa sababu binti hakutaka. Lakini cheti changu kilichukuliwa, na wakala aliyeniajiri hakupokea tena simu zangu. Nilikwenda kufua mashuka katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Mashine zilipiga kelele hata mtu hakuhitaji kuongea, nami nikashukuru kwa hilo.

Miezi mingi baadaye, binti alinipigia simu nyumbani. Sijui namba aliipata wapi. Alisema mama amefariki katika nyumba ya wazee, kwamba mkono ulikuwa umepona vizuri, kwamba safari hawakwenda.

“Pole,” nilisema.

“Alikuwa akikupiga tangu lini?”

“Tangu wiki ya pili.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nilitaka kwenda Roma.”

“Niliiona mikono yako siku ya Krismasi,” alisema. “Ilikuwa imevimba, ukashindwa kushika uma. Nikajiambia umeungua na tanuri. Sikuwa na mtu mwingine wa kwenda naye. Peke yangu nisingemweza.” Kisha akaongeza, kwa sauti iliyobadilika, “Mimi alinichapa mpaka nilipohama nyumbani.”

Tulishika simu hivyo, kila mtu kwake, mpaka dada wa Tanga akaingia na mifuko ya soko, akaniuliza kwa ishara ni nani. Nikamwambia yule wa kwenye simu asante kwa kunijulisha. Naye akasema asante, na hatukuongea tena.